Namba Mbili Pembeni mwa Picha ya CT

Msafiri anayeondoka Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar kwenda kutibiwa Mumbai, Muscat au London hubeba, pamoja na pasi na nguo zake, bahasha kubwa ya hospitali. Ndani yake mna filamu nyeusi zilizojaa picha ndogondogo, au diski inayong'aa iliyoandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Bahasha hiyo huvuka mipaka kwa heshima kubwa: haikunjwi, haiwekwi chini ya mizigo, na aghalabu husafiri mapajani. Hata hivyo, si mara chache daktari wa ugenini huitazama kwa dakika moja, akairejesha mezani, na kuagiza kipimo kipya.

Mgonjwa hudhani hospitali inatafuta pesa, au inaidharau kazi ya nyumbani. Huenda dhana hiyo ina ukweli mahali fulani. Lakini ipo sababu nyingine isiyoelezwa sana, nayo imo katika namba mbili ambazo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa picha, au hufichwa ndani ya faili lake. Namba ya kwanza ni unene wa slesi. Ya pili ni umbali kutoka slesi moja hadi nyingine. Wengi huzidhania kuwa kitu kimoja, wakiwamo baadhi ya watu wanaotengeneza programu za kompyuta za kusomea picha hizo, na kosa hilo lina gharama yake.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, ili maneno yasielee hewani. Bwana mmoja mzaliwa wa pwani alipimwa kifua kwa CT mwaka 2012 huko nyumbani, kwa sababu ya kikohozi kilichokataa kupona. Akapewa ripoti: mapafu hayana tatizo kubwa. Baadaye akahamia Uingereza, na huko, baada ya miaka mingi, akapimwa tena kwa sababu nyingine kabisa. Safari hii ripoti ikataja kinundu cha milimita 6 katika pafu la kulia. Swali la kwanza la daktari halikuwa kinundu hicho ni nini. Liliuliza: je, kilikuwapo mwaka 2012?

Swali hilo lina uzito mkubwa. Kinundu kigumu kilichokaa miaka miwili bila kukua huhesabiwa kwa kawaida kuwa si saratani. Kinundu kipya katika kifua cha mtu aliyewahi kuvuta sigara ni jambo jingine: hufuatwa kwa vipimo vya mara kwa mara, na pengine kwa sindano ya kuchukua kipande cha nyama ya pafu, huku mwenyewe akiishi miezi kadhaa bila kujua la kuwaambia watoto wake. Kwa hiyo yule bwana akaitoa bahasha yake ya zamani kwa matumaini. Ni muhimu kujua kwa nini bahasha ile haikujibu mara moja.

Mashine ya CT hupeleka mionzi ya eksirei mwilini kutoka kila upande huku ikizunguka, na kompyuta hukokotoa kutokana na vipimo hivyo sehemu ipi ya mwili imeizuia mionzi kwa kiasi gani. Matokeo huonyeshwa kama picha ya mwili uliokatwa kwa upana. Wafanyakazi wa vyumba vya mionzi huita kila picha slesi, neno lilelile la mkate. Mfano wa mkate unafaa sana, ila una mahali unapodanganya. Anayetazama slesi ya mkate huona uso wake tu; kilichomo katikati ya unene wake hakioni. Slesi ya CT sivyo ilivyo. Kila nukta ya picha hiyo ni wastani wa vyote vilivyomo katika unene wa slesi, kutoka uso wa juu hadi uso wa chini, kana kwamba unene mzima umepondwa ukawa karatasi moja.

Kiasi cha kuzuia mionzi huandikwa kwa namba zilizopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Kiingereza aliyebuni mashine yenyewe. Katika kipimo hicho maji ni 0 na hewa ni hasi 1000. Mafuta ya mwili hukaribia hasi 100, nyama huwa makumi kadhaa juu ya sifuri, na mfupa huenda hadi mamia na zaidi. Pafu lenye afya, kwa kuwa limejaa hewa, huwa karibu na hasi 850.

Sasa hesabu ya kinundu cha yule bwana inaweza kufanywa hata kwa kalamu na karatasi. Kinundu kina kipenyo cha milimita 6, nacho, tuseme, ni cha nyama yenye namba 40. Kikipigwa kwa slesi yenye unene wa milimita 1, ile slesi inayopita katikati yake huwa imo ndani ya kinundu tupu, na nukta ya katikati itasoma 40 kama inavyostahili. Kikipigwa kwa slesi ya milimita 10, hata kama kimekaa katikati kabisa ya slesi, kinundu kitachukua sehemu sita kati ya kumi na hewa ya pafu itachukua nne. Wastani wake ni takriban hasi 316. Hiyo si namba ya nyama wala ya hewa. Na kama bahati imekiweka kinundu kwenye mpaka wa slesi mbili, nusu huku na nusu kule, kila slesi itapata milimita 3 tu za nyama na milimita 7 za pafu: hasi 583. Machoni mwa msomaji, kitu kigumu chenye ukingo mkali kimegeuka kuwa kivuli hafifu, kisichotofautiana sana na mshipa wa damu uliopita kwa mshazari. Kinundu hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kisu.

Jambo hilo huzidi kuwa zito kwa watu waliotoka sehemu ambako kifua kikuu kimeenea, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Kifua kikuu kilichopona, hata kile ambacho mwenyewe hakujua kwamba aliwahi kukipata, huweza kuacha makovu madogo ya mviringo mapafuni, na mengi yake hujaa chokaa kadiri miaka inavyopita. Chokaa hiyo ni habari njema kwa daktari: kinundu kidogo kilichojaa chokaa kwa usawa ni kovu, na mjadala huishia hapo. Lakini na irudiwe hesabu ileile kwa kovu la milimita 6 lenye namba 600. Katika slesi ya milimita 1 litang'aa kama mfupa. Katika slesi ya milimita 10 wastani wake utakuwa 20 tu, yaani namba ya nyama laini. Kovu la zamani lisilo na madhara limevikwa vazi la uvimbe, na msomaji makini kabisa aliyepewa picha hiyo peke yake hana njia ya kulivua.

Unene huo mkubwa haukutokana na uzembe wa mtu. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town alipoombwa mwaka 1956 kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Alipoona madaktari wakipanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha namna moja kutoka ngozi hadi ngozi, akaanza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani. Aliichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu ulimwengu mzima ukanyamaza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala ya makala yake lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Hounsfield, huko Uingereza katika kampuni ya EMI, aliifikia njia yake bila kuijua kazi ya Cormack. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku tisa kukusanya vipimo vya kitu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika ubongo, aliwekwa ndani ya mashine yake. Mwaka 1979 wawili hao waligawana tuzo ya Nobel ya tiba.

Picha ya mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na nukta 80 kwa 80. Kila nukta iliwakilisha kitofali cha ubongo chenye milimita 3 kwa upana, milimita 3 kwa urefu na milimita 13 kwa unene. Leo kitofali hicho huitwa vokseli, na umbo lake linasema mengi kuhusu sayansi hii: tangu mwanzo picha ilikuwa kali upande ambao jicho linautazama, na butu upande ambao jicho halioni. Picha ya kifua ya leo huwa na nukta 512 kwa 512. Kama eneo lililopigwa lina upana wa milimita 350, kila nukta ni karibu milimita 0.7. Slesi ikibaki na unene wa milimita 5, vokseli inakuwa kijiti kilichosimama, kirefu mara saba ya upana wake. Ndiyo maana picha ileile inayopendeza ikitazamwa kwa upana huonekana kama ngazi za nyumba pale kompyuta inapoambiwa iuonyeshe mwili kwa wima, kutoka kichwani kwenda miguuni.

Hadi hapa ni unene tu uliozungumziwa. Namba ya pili, umbali, hupimwa kutoka katikati ya slesi moja hadi katikati ya slesi inayofuata. Umbali ukilingana na unene, slesi zinagusana kama za mkate uliokatwa vizuri. Umbali ukiuzidi unene, kuna pengo: sehemu ya mwili ambayo hakuna picha iliyoiona. Umbali ukiwa mdogo kuliko unene, slesi zinapandana, kila moja ikirudia sehemu ya jirani yake, kama vigae vya paa.

Pengo ndilo linalowashangaza wengi, kwa kuwa mtu hudhani kwamba kupimwa kifua ni kupimwa kifua chote. Kwa miaka mingi ulikuwapo mtindo maalumu wa kuchunguza magonjwa yanayotapakaa katika pafu zima, kama vile makovu ya tishu za mapafu. Slesi zilikuwa nyembamba sana, milimita 1, lakini zilipigwa kila baada ya milimita 10. Kwa kazi yake mtindo ulifaa: ugonjwa uliotapakaa utaonekana popote kisu kitakapopita, na mgonjwa alipata mionzi kidogo. Lakini hesabu yake ni wazi. Sehemu moja tu kati ya kumi ya pafu ilipigwa picha. Kinundu cha milimita 6 kingeweza kukaa kwa raha ndani ya pengo la milimita 9, na ripoti ikaandikwa kwa haki kabisa kwamba hakikuonekana. Anayetazama unene peke yake angesema hiki ni kipimo bora kuliko kile cha slesi za milimita 10 zinazogusana. Kwa kutafuta kinundu, kile kinene ndicho salama zaidi, kwa sababu angalau kimepita kila mahali.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1989, pale ilipoanza kutumika mashine ambayo kitanda chake hakisimami: mgonjwa husogezwa mfululizo huku mionzi ikizunguka, na njia ya mionzi inauzunguka mwili kama uzi wa skrubu. Mwaka 1998 zikaja mashine zenye safu nne za vipokezi vya mionzi, kisha safu 16, na kufikia mwaka 2004 safu 64. Tangu hapo kukusanya vipimo kumetengana na kutengeneza slesi. Mashine hukusanya kwanza data ghafi za mwili. Kisha fundi huiambia kompyuta itengeneze slesi za unene gani na kwa umbali gani. Kipimo kilekile cha sekunde chache huweza kutoa seti ya slesi za milimita 5 kwa kusomwa haraka, na seti nyingine za milimita 1 zilizopandana kila milimita 0.7. Mgonjwa haongezewi hata chembe ya mionzi kwa ajili ya seti ya pili. Mpaka upo, hata hivyo: slesi haiwezi kuwa nyembamba kuliko safu za vipokezi zilizotumika kukusanya data, na data ghafi hazikai. Katika hospitali nyingi hufutwa kwenye mashine baada ya siku kadhaa ili kupisha wagonjwa wapya. Baada ya hapo, kama zilizohifadhiwa ni slesi za milimita 5 peke yake, hakuna programu duniani inayoweza kurudisha kilichopondwa. Zipo zinazojaza kwa kubahatisha, na picha zake hupendeza. Lakini kinundu kilichoyeyuka katika wastani hakifufuliwi kwa kupendeza.

Msikilizaji atauliza: kwa nini basi isiwe milimita 1 siku zote? Jibu lina pande mbili, na zote ni za kweli. Kwanza, slesi nyembamba hupata mionzi kidogo ya kuifanyia hesabu, na picha inajaa chengachenga, kama televisheni yenye antena mbovu. Ukipunguza unene kutoka milimita 5 hadi 1 bila kubadili kingine chochote, chenga hizo huongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Ili kuziondoa kwa nguvu ya mionzi peke yake, dozi ingepaswa kuwa mara tano, jambo ambalo hakuna daktari mwenye busara angelikubali kwa kifua cha kijana. Njia mpya za ukokotoaji zimepunguza sana tatizo hilo, wala hazijalimaliza. Kwa ini, ambalo uvimbe wake hutofautiana kidogo tu na nyama inayouzunguka, slesi nene iliyotulia mara nyingi husaidia kuliko nyembamba iliyojaa chenga. Kwa pafu hali ni kinyume, kwa sababu nyama dhidi ya hewa huonekana hata penye chenga nyingi.

Pili ni wingi. Kifua chenye urefu wa milimita 300 hutoa slesi 60 zikiwa za milimita 5, na 300 zikiwa za milimita 1. Kila slesi ni takriban nusu megabaiti. Megabaiti 30 zinakuwa 150, kwa mgonjwa mmoja, kwa seti moja. Mwaka 2005 tofauti hiyo ilikuwa hoja nzito mbele ya meneja wa hospitali. Leo simu ya mkononi ingezibeba zote bila kuhisi. Mazoea ya kuhifadhi nene na kutupa nyembamba yameendelea kuishi mahali pengi baada ya sababu yake kufa, na hapo lawama ni haki. Mwaka 2017, wataalamu wa picha za kifua wa jumuiya ya Fleischner walipotoa upya miongozo yao kuhusu vinundu vya mapafu, walieleza kwamba picha za CT za kifua za watu wazima zitengenezwe na zihifadhiwe katika slesi zinazogusana zisizozidi milimita 1.5, na kwa kawaida ziwe milimita 1.

Linabaki suala la kompyuta, na hapa ndipo wanafunzi wa vyuo na mafundi wa programu hujikwaa zaidi. Picha za CT husafiri katika mfumo wa faili uitwao DICOM, uliopata umbo lake la sasa mwaka 1993. Kila faili ni slesi moja, nayo hubeba maelezo yake: jina la mgonjwa, tarehe, upana wa nukta, unene wa slesi, na mahali hasa slesi ilipokaa, kwa milimita, katika pande tatu. Upo pia mlango wa kuandikia umbali kati ya slesi, lakini kwa picha za CT za kawaida mfumo haulazimishi ujazwe, na mashine nyingi huuacha mtupu. Programu isiyo makini ikiukuta mtupu huchukua unene na kuufanya kuwa umbali. Slesi zikiwa zinagusana, hakuna atakayegundua. Zikiwa zimepandana, unene milimita 1 na umbali 0.7, mwili mzima hurefushwa kwa zaidi ya asilimia 40, na figo ya sentimita 11 hupimwa kuwa karibu sentimita 16. Zikiwa na pengo, mwili hufupishwa. Njia ya kuaminika ni moja: kuchukua mahali ilipokaa kila slesi, kuzipanga kwa mfuatano, na kutoa moja kwa nyingine. Hesabu hiyo hufichua pia ugonjwa mwingine wa diski zinazosafiri, yaani faili lililopotea njiani. Umbali ukiwa milimita 5, 5, 5, kisha 10, slesi moja haipo, na pengine ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Jina la faili halisaidii kitu. Faili namba 41 si lazima likae karibu na namba 42 ndani ya mwili.

Kwa daktari anayefuatilia ukuaji, namba hizi ni mizani yenyewe. Kitu cha mviringo kinapoongezeka ujazo mara mbili, kipenyo chake huongezeka kwa robo na kidogo tu. Kinundu cha milimita 6 kikiwa kimezidisha maradufu nyama yake yote kitapimwa milimita 7.6. Ongezeko ni milimita 1.6, na anayelitafuta ndani ya slesi za milimita 5 anapima nywele kwa futi ya seremala. Ndiyo maana kanuni zilizotolewa mwaka 2009 za kupima uvimbe wa saratani katika majaribio ya dawa zilisema kwamba, kwa slesi zisizozidi milimita 5, uvimbe wa kupimwa uwe na angalau milimita 10, na slesi zikiwa nene zaidi, uvimbe uwe angalau mara mbili ya unene wa slesi. Kulinganisha kipimo cha milimita 10 na kipimo cha milimita 1 kuna hatari yake: kinundu kilichokuwa kimeyeyuka nusu katika picha ya kwanza huonekana kamili katika ya pili, na karatasi ikasoma kwamba kimekua.

Turudi kwa yule bwana wa mfano. Bahasha yake ya mwaka 2012 ilikuwa na filamu peke yake, na kwenye pembe ya filamu iliandikwa milimita 10 kwa unene na milimita 10 kwa umbali. Daktari wa mionzi, akiongozwa na picha mpya, alijua sasa pa kutazama: pafu la kulia, karibu na mgawanyiko wa pili wa njia ya hewa. Hapo, katika picha mbili zinazofuatana, mlikuwa na kivuli hafifu ambacho mwaka 2012 hakuna aliyekuwa na sababu ya kukitaja. Kiliweza kuwa kinundu kilekile kilichogawanywa na mpaka wa slesi. Kiliweza pia kuwa mshipa. Filamu haiwezi kuulizwa zaidi ya hapo. Nukta zake haziwezi kusomwa namba. Kwa hiyo ombi likapelekwa nyumbani kutafuta faili zenyewe, na mgonjwa akapangiwa kipimo kingine baada ya miezi kadhaa, kwa slesi za milimita 1, zilezile za kipimo kilichokiona kinundu, ili safari hii kisu kiwe kimoja.

Mgonjwa anayetarajia kusafiri hana haja ya kuijua hesabu yote hiyo. Yako mambo machache anayoweza kuyaomba dirishani, kwa adabu na kabla siku hazijapita, maana data ghafi hazimngoji. Aombe diski yenye faili za DICOM, zisiwe filamu au picha za kawaida zilizotolewa kwenye kioo cha kompyuta. Aulize kama seti ya slesi nyembamba imo ndani ya diski hiyo, pamoja na ile nene. Ahakikishe kwamba diski inafunguka kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuondoka. Aombe pia ripoti iliyoandikwa, na kama ripoti haitaji unene wa slesi, fundi anaweza kuuandika kwa mkono juu ya bahasha pamoja na umbali wake. Nchini Uingereza sheria ya kulinda taarifa za watu humpa mgonjwa haki ya kudai nakala ya picha zake. Kwingineko haki hiyo hutegemea sheria ya nchi, na mara nyingi zaidi hutegemea wema wa aliyeko dirishani. Diski ikifika nyumbani, ifanyiwe nakala siku hiyohiyo, kwa sababu diski huchubuka, na mashine iliyoipiga picha ile huenda tayari imesahau kila kitu.